Ufa wa Barazani kwa Mama

Kuna watu wakiamka hushika simu. Mimi, tangu masika yale yaishe mpaka vuli ilipokaribia, nilikuwa nikiamka natoka chumbani kwangu uani, nazunguka nyumba ya mama bila hata kunawa uso, nasimama barazani na kutazama juu. Nilikuwa natazama ufa. Ulikuwa kwenye bimu ya mbele, ile ya zege inayovuka baraza nzima kutoka nguzo hadi nguzo, na juu yake umekaa ukuta wa pembetatu pamoja na kenchi za paa. Chini yake alikaa mama.

Na alikaa kweli. Mama yangu si mtu wa kukaa ndani. Asubuhi anasali rozari barazani, mchana anapokea wageni barazani, jioni anawasubiri bata wake barazani na kuwagombeza wakichelewa. Zamu ya jumuiya ikifika kwetu, akina mama wa mtaa hujaa pale wakasoma Injili na kuimba mpaka giza linaingia. Mimi mwenyewe cherehani yangu niliiweka karibu na nguzo ya kushoto, kwa sababu hapa Mlabani, Ifakara, mteja akikuona unashona ndipo anapokumbuka kwamba ana kitambaa kabatini. Kwa hiyo ile bimu ilikuwa juu ya vichwa vyetu sote, na ilionekana ni mimi peke yangu niliyepewa kazi ya kuogopa.

Ufa ulipoanza ulikuwa mwembamba kama unywele. Niliinua macho kutunga uzi kwenye sindano nikauona, karibu na katikati, umesimama wima. Nilimwambia mama. Akautazama kwa muda mfupi, akasema, "Zege limezeeka, mwanangu. Hata mimi nina mikunjo." Akacheka. Mimi sikucheka. Mvua zilipokolea, unywele ukawa uzi, na uzi ukawa kitu ambacho ukucha wa kidole changu cha mwisho uliingia. Najua kwa sababu niliuingiza.

Fundi wa mtaani alikuja, akapanda ngazi, akapiga plasta, akashuka akisema kazi imekwisha. Plasta haijakauka vizuri, ufa ukachungulia tena pale pale. Halafu zikaanza methali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila aliyepita njiani alinitupia hiyo, muuza mkaa, katekista, mwanamke aliyekuja kuchukua sare za wanawe, kila mmoja kwa sauti ya mtu aliyeivumbua mwenyewe asubuhi hiyo. Nilikuwa najibu, "Ahsante," lakini moyoni nilikuwa nasema maneno ambayo katekista hapaswi kuyasikia.

Kosa langu, kama ni kosa, lilikuwa kumtumia mdogo wangu picha. Yeye ndiye mtoto wa kiume, anaishi Morogoro, ana kazi na mke na chumba cha wageni. Alipiga simu kabla sijaweka yangu chini.

"Dada, hapo mama anahama."

"Anahamia wapi?"

"Kwangu. Hiyo nyumba ibomolewe tu, imechoka."

"Na kuijenga tena?"

"Tutaona."

Neno hilo, tutaona, ndilo lililonikosesha usingizi kuliko zege. Mtaani kwetu nawajua wazee waliochukuliwa na watoto wao wakapumzike kidogo mjini. Jirani yetu mmoja alichukuliwa hivyo, akaacha ufunguo kwa mama na kuku wake kwa mama na akasema atarudi kabla ya Pasaka. Alirudi, ndiyo, lakini tulimpokea kwa vilio. Wanaofunga safari hizo huwa hawaumwi sana. Wanafika huko, hawana wa kumsalimia, hawana pa kumwagia maji ya vyombo, wanakaa wanatazama televisheni wasiyoielewa mpaka kitu fulani ndani yao kinazimika. Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili, na kila nilipoikimbia moja niliigonga nyingine. Nikimwacha pale, zege linaweza kumwangukia. Nikimwondoa, namuua polepole, tena kwa upole, huku nikimpa chai.

Mdogo wangu akanipa muda. Akipata likizo yake atakuja na pikapu. Akikuta ile bimu iko vile vile, mama anaondoka naye. Nilipompelekea mama ujumbe huo, aliendelea kuchambua mboga.

"Mwambie hilo pikapu apakie mpunga," alisema.

Habari za epoksi nilizisikia mashineni. Nilikuwa nimepeleka mpunga wetu wa shambani Michenga kukobolewa, nikawa nalalamika, kama kawaida yangu siku hizo, na mwenye mashine akanionyesha msingi wa zege uliobeba mtambo wake. Ulikuwa umepasuka, bolti zinacheza, na sasa ulikuwa umetulia tuli huku mashine inanguruma juu yake. Alisema kuna fundi aliyekuwa akikarabati misingi ya mitambo kule upande wa mashamba ya miwa, sasa anajitegemea. Anaunganisha zege kwa gundi inayoitwa epoksi. Niliposikia gundi nilifikiria viatu. Lakini mtu anayezama hushika hata jani.

Fundi mwenyewe alikuja kwa bodaboda, amekumbatia sanduku lenye kufuli. Alikuwa Msukuma wa makamo, mnene, mwenye maringo, aliyevaa glavu safi na asiyependa mtu yeyote asogelee sanduku lake. Alimwinamia mama, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, na kuanzia hapo hakumwita jina jingine. Mama alimpenda papo hapo. Mimi nilitaka aache salamu apande ngazi.

Alipanda. Akaigonga bimu kwa nyundo ndogo toka mwanzo hadi mwisho, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Akashuka, na badala ya kuniambia chochote akaanza kuzunguka nyumba. Kwenye kona, chini ya nguzo ya kulia, akasimama.

"Huu mchezo ni wa nani?"

Lilikuwa dimbwi la bata. Paa letu lilikuwa halina mifereji, na maji yote ya upande ule humwagika kwenye kona ile, kwa hiyo mama, kwa akili zake za kutopoteza kitu, alikuwa amechimba shimo yatuame, bata waogelee. Udongo wetu, kila mtu wa bonde hili anaujua, ule mweusi ukinywa maji unavimba na ukikauka unasinyaa na kupasuka. Masika baada ya masika nguzo ile ilikuwa imesimama kwenye uji.

"Bimu haina kosa," alisema fundi. "Nguzo imeshuka kidogo ikaivuta. Mayu, bata wako wamezamisha nguzo."

"Bata hawana uzito huo," mama alisema.

Nilidhani angefungua sanduku siku hiyo hiyo. Alikataa. Alisema kuna ufa hai na ufa mfu. Ile dawa yake, alipenda kuiita dawa, ikishakauka inashika kuliko zege lenyewe. Akiunganisha wakati nguzo bado inatembea, pale alipounganisha patashika, na zege litakatika pembeni yake, na tutakuwa tumehamisha ugonjwa. Kwanza dimbwi lifukiwe, mifereji ifungwe, baraza iwekewe mirunda, miti ya kusimama chini na kuishikilia bimu, halafu tusubiri ardhi ikauke na kutulia. Ili tujue kama ufa umekufa, alibandika kipande chembamba cha kioo kukatiza juu yake, kila upande umeshikwa kwa dawa. Ufa ukitembea hata kidogo, kioo kitakatika.

Sijui kama alifahamu anampa nani kioo kile. Mtu mwingine angekitazama mara moja kwa wiki. Mimi nilikitazama nikitoka na nikiingia. Lori la mpunga likipita barabarani na ardhi ikitetemeka, niliacha mteja na futi shingoni nikakimbilia barazani. Mlango ukipigwa kwa nguvu, nilikimbia. Kuna vijana wa bodaboda huegesha mbele ya duka la jirani, nilikokuwa nimehamishia cherehani yangu, na walinijua kwa jambo hilo moja.

"Dada, kioo kinasemaje leo?"

"Kinasema mkalale kwenu."

Wao walicheka. Mimi niligeuka kukitazama tena.

Dimbwi tulilifukia, mifereji ikafungwa, na mirunda ikajaa barazani kutoka ukuta hadi ukingo, kila mmoja umekazwa juu kwa kabari, na mama akaizoea upesi kuliko nilivyotaka. Akaanika vitambaa vya jikoni kwenye mmoja na kutundika ungo kwenye mwingine. Zamu ya jumuiya ilipofika, wenzake walikataa kabisa kuingia. Walikaa uwanjani kwenye mikeka, nje ya kivuli cha bimu, na mimi niliwashukuru kimoyomoyo. Mama akachukizwa. Akaweka kiti chake barazani katikati ya mirunda, peke yake, akaongoza rozari akiwa kule ndani, nao wakaitikia wakiwa nje. Katika kila "Utuombee" nilikuwa natazama kioo.

Kiangazi kilipita na kioo hakikukatika. Nilimpigia fundi, naye akaja kutoka Kisawasawa alikokuwa na kazi. Siku ya kwanza ilikuwa ya vumbi tu. Alibandua plasta ya yule mwenzake, akaufungua mdomo wa ufa kwa grinda, akakodi kompresa ya mtu wa kuziba matairi na kupuliza vumbi lote lililokuwa ndani. Ufa ukabaki wazi, msafi, mweusi. Ulinitisha zaidi ukiwa msafi. Alipokuwa anafunga sanduku lake alisema kesho mapema, kabla jua halijawa kali, ataingiza dawa, na tusiguse kitu. Hakusema kwa nini tusiguse. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kunitumia ujumbe kwamba atafika keshokutwa, na nilipiga hesabu za kichwa nikaona tutawahi. Kwa mara ya kwanza tangu masika nilijisikia mwepesi. Nikaenda sokoni kununua nyuzi, na huko nikakaa, nikaongea, nikanywa hata soda.

Niliporudi, mama alikuwa barazani anashusha kitu mgongoni. Lilikuwa bomba la kupulizia, lile tunalolitumia shambani Michenga kuulia magugu kwenye mpunga. Kanga yake ilikuwa imelowa mabegani. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bimu, polepole, yakiacha alama sakafuni, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetimiza wajibu.

"Nimelinywesha," alisema. "Yule baba anajua kazi lakini amesahau maji. Limeshinda juani limekauka kabisa."

Nawaomba wasomaji wa mbali wanielewe hapa. Kwetu, kila aliyewahi kujenga hata choo anajua zege hunyweshwa. Fundi akimaliza kumwaga, kazi yake imekwisha na kazi ya mwenye nyumba imeanza, asubuhi maji, jioni maji, mpaka lishibe. Nyumba ikipasuka, swali la kwanza la majirani ni nani alikuwa mvivu wa ndoo. Mama alifanya alichofundishwa na kila mtu mwenye busara aliyepata kumjua. Na kwa kuwa bimu iko juu na miguu yake haipandi tena ngazi, alitafuta chombo kinachofika.

Lakini mimi wakati huo sikuyafikiria hayo. Fundi alikuwa amenieleza, mara moja, wakati wa kuusifia mchanganyiko wake, kwamba adui yake ni maji. Nilitazama ule ufa unaodondosha na nikaona pikapu.

"Mama! Umeibomoa nyumba yako kwa mikono yako!"

Nilipiga kelele mpaka vijana wa bodaboda wakageuka. Mama alinitazama. Aliliweka bomba chini kwa utaratibu, akaingia ndani, na saa ile ya jioni, saa ambayo hajawahi kukaa ndani tangu nizaliwe, akafunga mlango. Niliona aibu, na bado nilikuwa na hasira, na vyote viwili viliniuma mahali pamoja.

Asubuhi fundi alifika na sanduku lake. Aliweka kidole kwenye ufa, akakitazama, akakinusa. Akaliona bomba. Akalinusa nalo.

"Hili lilikuwa na dawa ya magugu?"

"Nililisuuza," mama alisema toka mlangoni.

Fundi alikaa juu ya sanduku lake kama mtu aliyepokea habari za msiba. Nilisubiri afoke, na nakiri nilitaka afoke, ili nisiwe mimi peke yangu. Badala yake alivua glavu.

"Mayu, bimu hii nani aliinywesha ilipojengwa?"

Mama akatoka mlangoni. "Mimi. Mzee alikuwa shamba. Ngazi ilikuwa ya mianzi, napanda na ndoo asubuhi na jioni. Nilikuwa na mimba ya huyo anayekuja na pikapu."

Mimi sikuwahi kulisikia hilo. Nilikuwa mtoto mdogo na labda nilikuwa nacheza mchangani chini ya ngazi hiyo hiyo.

"Ndiyo maana haijaanguka," fundi alisema. "Ulifanya kazi nzuri. Ila elewa, mayu. Sementi ni samaki, bila maji inakufa. Hii yangu ni paka."

Mama akafikiri. "Sasa paka wako tumfanyeje?"

Ikabidi, kwanza, ufa uoshwe tena kwa maji safi kuondoa mabaki ya dawa ya magugu, jambo lililomfanya mama anitazame bila kusema neno, lakini nililisikia. Halafu kompresa ikarudi, ukapulizwa na kupulizwa. Tukaazima feni. Nilitaka kuwasha majiko ya mkaa chini yake, fundi akakataa, akasema moshi na masizi ni adui kama maji tu. Mwisho akabandika kipande cha nailoni juu ya zege, kingo zote zimezibwa kwa utepe. Ikiwa ndani bado kuna unyevu, nailoni itatoa jasho. Huku mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Udzungwa, na kila upepo ulipobadilika nilitoka nje kuyatazama.

Siku iliyofuata nailoni ilikuwa na jasho. Na saa ile ile ambayo fundi alikuwa ananionyesha vitone vyake, pikapu likaingia uwanjani.

Mdogo wangu alimwamkia mama, akanikumbatia, akainua macho. Aliona mirunda, ufa uliochongwa wazi, nailoni, feni inayopuliza dari, na mwanaume mnene amekaa juu ya sanduku.

"Hiki ni nini?"

"Tunaitengeneza."

"Kwa kitu gani?"

"Epoksi."

"Epoksi ni nini?"

"Ni gundi," mama alisema, kwa fahari kabisa.

Akanivuta pembeni. Alisema mengi, na sehemu kubwa ilikuwa na maana, ndiyo sababu ilinikera. Kwamba nimepoteza kiangazi kizima. Kwamba mama akiangukiwa, watu hawatauliza nani alikuwa Morogoro, watauliza nani alikuwa Ifakara. Nilimwambia kwamba swali hilo ndilo ninaloamka nalo. Nilimwambia kwamba naogopa, naogopa mpaka nashona nguo za watu kombo, lakini nikimtoa hapa namwogopea zaidi. Sikuwahi kulisema hivyo mbele ya mtu. Yeye naye, niliona, alikuwa na mifuko chini ya macho kama yangu.

"Kama hiyo nailoni haikukauka," alisema hatimaye, "naondoka naye."

"Sawa," nilisema, na nikajuta nilipokuwa bado nalitamka.

Asubuhi nailoni ilikuwa kavu. Niliipapasa kwa kiganja, nikaipapasa kwa shavu, mpaka fundi akaniuliza kama naibusu. Hakupoteza muda. Joto la bonde letu huigandisha ile dawa upesi, alisema, na kabla jua halijafika barazani alikuwa amepachika vimirija vya plastiki kwenye ufa, kutoka chini kwenda juu, na kuziba nafasi zote kati yake kwa dawa nzito, ya kijivu, iliyoganda upesi ikawa ngumu. Halafu ndipo akafungua makopo mawili ya ile nyepesi. Moja peke yake halifanyi kitu, la pili peke yake halifanyi kitu. Alichanganya kidogo kidogo. Mdogo wangu akamwuliza kwa nini asichanganye yote amalize, naye akamwekea kikombe chenye masalio mkononi. Baada ya muda mdogo wangu akakiweka chini haraka. Kilikuwa cha moto, kimejichemsha chenyewe.

Baada ya hapo hakuuliza tena. Fundi alikuwa anasukuma kwa pampu kwenye mrija wa chini, na dawa ilipotokea kwenye mrija unaofuata, mtu alitakiwa kuuziba ule wa chini upesi na kuhamia juu. Mdogo wangu alikuwa amepanda mezani na soksi zake za safari, anaziba. Harufu ilikuwa kali. Sisi wanawake tulikaa uwanjani, mama ameshika rozari bila kuisali, anatazama mikono yao. Dawa ilipanda. Kwenye mrija mmoja ikakwama, na fundi akazidi kuikaza pampu, kisha ikatokea, tone moja la rangi ya asali. Ilipofika mrija wa juu kabisa akaacha kusukuma.

"Ndani pote imefika?" nilimwuliza. "Na kama kuna maji yamebaki katikati?"

"Dada, nje nimeona pakavu na juu nimeona imetoka. Ya katikati kabisa mimi siyaoni. Mimi si Mungu."

Nilimchukia kwa jibu hilo. Nadhani ningemchukia zaidi kama angenidanganya.

Mdogo wangu akapiga simu kazini kwake kuomba siku zaidi, akakaa nasi. Tukaisubiri dawa igande sawasawa. Mvua ya kwanza ilikuja mchana mmoja, ikapita kwenye mifereji mipya na kumwagika mbali na nguzo, na wote watatu tulisimama kwenye kona tukiitazama inavyokwenda kama watu wanaomsindikiza mgeni mkorofi. Fundi akarudi. Akakata vimirija, akasaga ile dawa ya kijivu ikawa sawa na zege, akagonga kwa nyundo yake ndogo na kusikiliza. Kisha akasema tuondoe mirunda.

Alituagiza tukae uwanjani. Mdogo wangu alisimama karibu na pikapu lake, funguo mkononi. Fundi aliigonga kabari ya kwanza, ikatoka, na mrunda wake ukaegemea upande. Nikasubiri sauti. Hakuna. Akaenda wa pili. Nilikuwa nimeshika kanga yangu kifuani kwa mikono yote miwili, na kila kabari ilipogongwa niliisikia kwenye meno. Ule wa mwisho ulikuwa katikati, chini ya ufa kabisa. Aliugonga mara nyingi, umekaza. Ulipoachia, vumbi kidogo lilishuka, vumbi tu la juu ya kabari, na mimi nilipiga yowe.

Bimu ilibaki pale. Fundi aliitazama kwa muda mrefu, akaniambia tusubiri kidogo kabla mtu hajaingia, tuione inavyobeba. Nilikuwa natikisa kichwa kukubali wakati mama alipopita mbele yangu. Alikuwa na kigoda mkono mmoja na ungo wa mchele mkono mwingine. Alipanda ngazi za baraza, akaweka kigoda katikati kabisa, chini ya ufa ulioungwa, akakaa, akaupakata ungo.

"Mama, toka hapo!" nilisema.

"Mama," mdogo wangu alisema, "subiri kwanza, tafadhali."

Hakuinua kichwa. "Ninyi mnaogopa hii," alisema, akaonyesha juu kwa kidole gumba. "Mimi naogopa lile." Na akaelekeza kidevu kwenye pikapu.

Mdogo wangu alilitazama pikapu lake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeliegesha pale. Akaziweka funguo mfukoni.

Mimi nilishindwa kubaki uwanjani. Nikapanda, nikaburuta mkeka na kukaa karibu na kigoda, karibu mno, nimemwinamia, bega langu juu ya kichwa chake na mgongo wangu juu ya mikono yake. Nilisikia harufu ya zege lililosagwa. Nilisikia vidole vyake vikitembea ndani ya mchele. Nilikaa hivyo, namsikiliza yeye na bimu kwa pamoja.

Akanisukuma kwa kiwiko.

"Sogea huko," alisema. "Unanizibia mwanga, chuya hazionekani."